Parua Kutoka Salgaa

Nimestaafu tangu mwezi wa nne na bado sijaamini. Siku ya kuniaga walinipa blanketi na saa ya ukutani. Niligeuza saa nikafungua mgongo wake kuona kama ina betri. Haikuwa nayo. Mwalimu Cherono, aliyerithi darasa langu, akacheka na kusema, "Mwalimu Barasa, hata zawadi unashuku?" Nikamwambia zawadi ndizo ninazozishuku zaidi.

Ni yeye aliyeniomba niandike haya. Anasema walimu wapya wanapewa vile vitabu vya picha vyenye mifuko ya barua na hawajui pa kuanzia, wengine wanavifungia kabatini visichafuke. Nilishuku kwamba anatafuta tu njia ya kunipa shughuli ili nipunguze kumpigia simu kuuliza darasa linaendeleaje. Hata hivyo nitaandika. Mambo ya vyeo na mishahara mtayaona wenyewe. Mimi nataka kuwaeleza juu ya kitabu kimoja, na juu ya kosa nililolifanya nikiwa na miaka mingi kazini, wakati ambapo sikuwa tena na kisingizio cha ugeni.

Nilizaliwa hapa Nakuru, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, alitoka Bungoma akaja na mama, na mama hakujua kusoma wala kuandika. Jumamosi alikuwa akiketi mlangoni kupukuchua mahindi, nami nakaa karibu yake na daftari, ananitajia maneno ya kumpelekea nyanya. "Kuja uniandikie parua," alikuwa akisema. Barua kwake ilikuwa parua, gari lilikuwa kari, na dada alikuwa tata, hadi siku tuliyomzika. Mimi niliandika nilivyosikia, na shuleni nikachapwa kwa ajili ya ile p mpaka ikanitoka kinywani. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakuna mtu aliyeweza kunisikia nikiongea akajua kwetu ni wapi, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheti.

Shule ya kwanza ilikuwa upande wa Bondeni. Nilipewa darasa la tatu lenye watoto sabini na mbili, na ubao uliokuwa umeng'aa kwa uzee kiasi kwamba chaki ilikuwa inateleza. Darasa lililopakana nami lilikuwa la Mwalimu Tabitha. Alikuwa mama mfupi, mwenye aproni ya mifuko miwili na mkasi uliofungwa kwa kamba shingoni ili watoto wasiufiche. Siku yangu ya kwanza alisimama mlangoni akanisikiliza nikifundisha barua ya kirafiki. Nilichora anwani kona ya kulia, tarehe chini yake, nikaandika mwanzo, kati na mwisho, watoto wakanakili kimya kabisa. Nilidhani amekuja kusifu.

"Umefundisha vizuri," alisema kengele ilipolia. "Sasa wanaandikia nani?"

"Wanaandikia rafiki."

"Rafiki gani?"

Nikasema rafiki yeyote. Akaguna, akaondoka, kisha akarudi na kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kamba ya kiatu.

Kitabu kile alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake, kwa migongo ya kalenda za zamani na gundi ya unga. Ndani ilikuwa hadithi ya punda aitwaye Tingisha aliyemtoroka mchota maji. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mahali ambapo Tingisha angeweza kuwa, na kwenye picha kulikuwa na vidirisha vya karatasi vya kufunua. Unafunua mlango wa kinyozi, unakuta kinyozi amekasirika, kioo chake kimevunjwa. Unafunua turubai la muuza viazi, unakuta viazi vimeliwa. Na kila ukurasa ulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko barua halisi iliyokunjwa, kutoka kwa kinyozi au muuza viazi au nesi wa zahanati, akilalamika au akiuliza swali. Ukurasa unaofuata ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mtoto hakuruhusiwa kufungua kamba mpaka amjibu mwenye barua na kutia jibu lake mfukoni. Kwenye ukurasa wa mwisho Tingisha alipatikana, na mfuko wa hapo ulikuwa mtupu, umeandikwa nje: *Andikia mtu wako*.

Nilikishuku kitabu kile mara moja. Nilidhani ni mchezo wa mwalimu aliyechoka, anayetaka watoto wachezee karatasi huku yeye ananywa chai. Wiki mbili nilikuwa nikipita dirishani kwake makusudi ili nimfumanie. Nilichokiona ni mtoto mmoja aliyelia kwa sababu kinyozi alikuwa amemuuliza, "Je, wewe ungelipa kioo changu?" naye hakujua amjibu vipi bila kumsaliti punda. Alikaa na penseli mdomoni kipindi kizima. Kwangu hakuna mtoto aliyewahi kulia kwa sababu ya barua, isipokuwa niliyemchapa.

Basi nikakiazima. Mwanzoni watoto wangu walimwandikia kinyozi, "Pokea salamu nyingi kama mchanga wa bahari," kwa kuwa ndivyo nilivyowafundisha. Tabitha alikuja akasoma, akauliza darasa, "Nani ameona bahari?" Hakuna mkono. "Mmeona nini kingi?" Baada ya siku tatu kinyozi alipokea salamu nyingi kama vumbi la Bondeni, na mwingine salamu nyingi kama ndege heroe wa ziwani, ingawa miaka hiyo heroe walikuwa wanahama na nilitaka kumwambia salamu zake zimepungua.

Sisi wawili tuligombana kwa jambo moja tu. Mimi nilikuwa nachukua majibu ya watoto, nayapitia kwa kalamu nyekundu. Yeye hakukubali. "Barua haisahihishwi, Mwalimu," alikuwa akiniambia. "Barua inajibiwa. Kama ameandika *mbarua*, wewe mjibu na uandike *barua*, ataona mwenyewe." Nilishuku huo ni uvivu uliovaa nguo ya hekima. Niliendelea na kalamu yangu, ila nilikuwa nasubiri atoke ndipo niitumie.

Sasa niseme juu ya masikio yangu, kwa kuwa ndiyo yaliyoniponza. Kwa sababu nilichapwa kwa herufi moja, nilijua herufi za kila mtu. Mtoto akiandika *lafiki*, au akitia m mbele ya b, nilijua nyumbani wanaongea nini. Akiandika *kasi* badala ya kazi, nilijua ni wa kwetu. Ujuzi huo niliutumia kama askari. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akimwandikia mwanawe insha zote. Nilimwita shuleni nikamwonyesha makosa yake matatu, nikamwambia hata kijiji alichotoka. Nilikisia kijiji, lakini aliogopa kwelikweli. Walimu walicheka ofisini wiki nzima, isipokuwa Tabitha.

"Hii masikio yako itakuletea shida," aliniambia tukiwa tunakata karatasi. "Hapa Nakuru tumeona watu wakiambiwa sema hili neno, tusikie wewe ni wa wapi. Hiyo kitu usilete kwa darasa."

Nilimjibu kwamba mimi natafuta wadanganyifu, sitafuti makabila. Akaendelea kukata karatasi. Alistaafu mwaka uliofuata akaenda kulima Njoro, akaniachia kitabu cha Tingisha na mkasi wenye kamba.

Miaka ikaenda. Nilikibandika kile kitabu upya mara nyingi, na hapa niwaachie siri mbili za kazi. Gundi ya unga itieni chumvi nyingi, la sivyo mende watakula kinyozi kabla ya nusu ya muhula. Na kidirisha kikateni kiwe na bawaba juu, si pembeni, kwa sababu cha pembeni kinachanika siku ya kwanza. Baadaye walikuja watu na vitabu vilivyopigwa chapa, vizuri, vinang'aa, vya punda mnene anayetabasamu. Kwenye lango la kila nyumba kulikuwa na kisanduku chekundu cha barua. Nilimuuliza yule kijana aliyevileta kama amewahi kuona kisanduku kama hicho mtaani Kaptembwo. Akasema ni mfano tu. Zikaja pia tableti, ambazo mtoto akigusa punda analia. Nilizipokea, nikatia sahihi, nikaendelea na Tingisha wangu.

Njeri alikuja kwangu katikati ya muhula, gredi ya tatu, akitokea Naivasha. Ziwa lilikuwa limepanda likaingia mtaa wao wa Kihoto, na nyumba waliyopanga ikabaki majini hadi madirishani. Mama yake, aliyekuwa akifanya kibarua kwenye mashamba ya maua, alimleta Nakuru kwa mdogo wake, Anti Wangui, muuza mboga, kisha akaenda Salgaa kutafuta kazi katika hoteli za madereva wa malori. Hayo yote niliyasikia kwa Anti Wangui siku ya kumwandikisha, na niliyaandika kwenye faili nikiwa na alama ya kuuliza pembeni. Nilikuwa na alama hiyo kwa kila mtu.

Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kuvaa soksi moja. Nilimuuliza nyingine iko wapi, akasema iko Kihoto. Lakini alipopewa Tingisha, alifunguka. Alimwandikia kinyozi kurasa mbili. Alimuuliza nesi kama punda anajua kuogelea. Alimaliza kitabu kabla ya wote, na kwenye ule mfuko wa mwisho alitia barua ya kwenda kwa mama yake. Kulingana na desturi ya Tabitha, barua ya mfuko wa mwisho hutumwa kwelikweli. Anti Wangui alimpa dereva anayemfahamu, naye akaifikisha Salgaa. Simu ya mama ilikuwa imeenda na maji, na alipopata ya kuazima alipiga mchana, wakati mtoto yuko shule. Kwa hiyo Njeri hakuwa na kitu kingine cha mama yake isipokuwa barua.

Majibu yalikuja. La kwanza, la pili, la tatu. Kila jibu Njeri alilitia kwenye mfuko wa ukurasa wa mwisho, na wakati wa mapumziko alikuwa akilitoa, analisoma, analirudisha. Sikuyasoma mpaka lile la tatu, na hilo nililisoma kwa sababu alisahau kulirudisha, likawa juu ya meza yangu.

*Mwanangu Njeri,* lilisema. *Nimepata parua yako, nimefurahi sana. Hapa kasi ni nyingi lakini niko salama. Usilie. Soksi alionekana juu ya pati ya chirani, analishwa. Ile soksi ingine usitupe, nitakuletea yake. Mama.*

Nilisoma mara moja nikajua. Nilisikia damu ikinichemka kwa furaha ya askari aliyeona nyayo. Parua, kasi, pati, chirani: kila b, z na j imekuwa p, s na ch. Huyu hakuwa mama wa Kihoto. Huyu alikuwa mtu wa kwetu kabisa, labda wa tarafa ya jirani. Nikashuku anti, nikashuku jirani wa anti, nikashuku hata bawabu wetu. Kitu ambacho sikukifanya ni kusoma barua ile kama barua.

Watoto waliporudi, nilimsimamisha Njeri. Nasema hivi na bado naona haya. Nilimsimamisha mbele ya darasa zima, nikainua ile karatasi.

"Njeri, barua hii ameandika nani?"

"Mama."

"Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Wa Kihoto."

"Mama wa Kihoto hasemi *parua*," nikawaambia wote, nikiitamka ile p kwa nguvu ili wacheke, nao wakacheka. "Ingekuwa *mbarua* ningekubali. Huyu aliyeandika hapa si mama yako. Kuna mtu anakudanganya, Njeri. Msomaji mzuri anajua kusoma mpaka kosa."

Nikachukua kalamu nyekundu nikazungushia zile herufi nne, nikamrudishia. Hakulia. Aliikunja karatasi akaketi, nami nikaendelea na hesabu nikiamini nimetoa somo bora la mwaka.

Kesho yake hakuandika kitu. Kesho kutwa pia. Nilipewa majibu yaliyokunjwa vizuri, nikiyafungua ni meupe. Akaacha kunywa uji. Soksi yake akaivua, akaja miguu mitupu ndani ya viatu. Nilishuku anagoma kwa sababu nimemfumania, nikaamua kumwacha anune mpaka achoke.

Wiki ya tatu, Anti Wangui aliingia shuleni na aproni yake ya sokoni, mikono bado ina udongo wa viazi. Hakunisalimia.

"Mwalimu, wewe uliambia huyu mtoto nini?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Anasema mama yake alikufa kwa maji. Ati alibaki Kihoto ndani ya nyumba, na sisi tunamficha, tunamwandikia barua za uongo asijue. Ati ni mwalimu alisema. Usiku hataki kulala, halafu mchana ananiuliza, 'Anti, alizikwa wapi?' Mimi nimjibu nini?"

Nikaketi. Mtoto alikuwa amefuata hesabu yangu hadi mwisho. Kama barua si za mama, basi mama haandiki. Kama haandiki, na hapigi simu, na mara ya mwisho maji yalikuwa madirishani, jibu ni moja. Mimi niliishia katikati kwa sababu nilichotaka ni kumkamata mtu tu.

Na bado, nawaambia ukweli, hata pale nilimtazama Anti Wangui nikamuuliza, "Lakini mama yuko, kweli?"

Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kikapu cha mboga. "Enda Salgaa ujionee," alisema. "Hoteli iko mkabala na pale malori hupaki kwa wingi, iko na mlango ya buluu. Uliza Mama Njeri." Akaondoka.

Nilienda Jumamosi. Hoteli nikaipata, nikaketi kona, nikaagiza chai nikaanza kutazama watu. Kijana wa kuhudumu akaja.

"Niaje mzee. Kuna matumbo, kuna madondo, kuna chapo. Ama wewe ni wa kaunti, umekuja kukagua?"

Nikasema mimi ni mwalimu tu. Hakuamini, akaenda akanong'ona jikoni, na nikaona sufuria zikifunikwa haraka. Baadaye mwanamke akatoka akipangusa mikono kwa leso, unga hadi viwikoni. Alikuwa na paji la Njeri na macho ya Njeri, na nilipomwona nilitaka kucheka na kulia pamoja.

"Wewe ndio mwarimu wa Njeri?" alisema kabla sijafungua mdomo. "Ni nini? Ni mgonjwa? Mbona haniandikii? Ni wiki tatu sasa."

Nilimwambia ni mzima. Nikamuuliza kuhusu barua, nani aliyeziandika. Akaona haya kidogo, akatazama chini.

"Mimi niliacha shule darasa la pili, Mwarimu. Kusoma najua kidogo kidogo, kuandika ndio inanishinda. Maneno ni yangu yote. Mkono ndio ya Nekesa." Akageuka akaita, "Nekesa! Kuja hapa, ni mwarimu!"

Mpishi akatoka na mwiko mkononi, mwanamke mnene mwenye kicheko usoni. Aliposikia ni juu ya barua, kicheko kikapungua.

"Mwalimu, kwani niliandika vipaya?" aliuliza. "Mimi nilimwambia huyu mama, mimi kasi yangu ni upishi. Ananiambia wewe andika tu, Njeri ataelewa. Tunaketi pale nyuma jioni, mimi nachambua mboga, yeye anasema. Lile neno la soksi analirutia kila siku."

Vipaya. Kasi. Nilisikia mahindi yakidondoka kwenye karai, mlangoni, nyumba za reli. Mtoto mwenye daftari alikuwa mimi. Kuna nyanya yangu kule Bungoma aliyepokea barua miaka mingi, kwa mkono wa mtoto, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kuwa si za mkazamwana wake. Nilikuwa nimefanya kazi ya Nekesa kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na nikaisahau kabisa nilipojifunza kushika kalamu nyekundu.

"Hukuandika vibaya," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mama na kumweleza yote, pamoja na kicheko cha darasa. Sikupunguza kitu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilingoja matusi, kwa kuwa nilistahili, lakini alichosema ni, "Kwa hivyo mtoto wangu anajua nimekufa?" Akavua leso, akaenda kuongea na mwenye hoteli.

Alifika Nakuru Jumapili mchana. Mimi sikuwepo, Anti Wangui ndiye aliyenisimulia, kwa sauti kavu. Anasema walidhani mtoto angemrukia mama. Hakumrukia. Alisimama mlangoni akamtazama toka juu hadi chini, akamuuliza, "Paka wetu anaitwaje?"

"Soksi," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliiba soksi yako moja tukamwachia jina." Kisha akaitoa mfukoni ile soksi nyingine, aliyoletewa na jirani, imekauka na matope ya Kihoto. Hapo ndipo Njeri alilia, na alilia mpaka majirani wakaja kuuliza.

Nilisikia hayo na nikaumia mahali nisipopajua. Katika miaka yote ya kazi nilifundisha watoto wengi kuandika, na huyu mmoja nilikuwa nimemfundisha kushuku mama yake.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba barua zilikuwa za mama, kwamba mtu anaweza kusema na mwingine akaandika, na kwamba mwalimu alikosea. Watoto walinitazama kwa mshangao, kama wakati umeme unapopotea. Njeri alikuwa amevaa soksi mbili. Hakuniangalia. Akamaliza siku nzima bila neno, na siku iliyofuata vilevile, ingawa kwa wengine alikuwa ameanza kuongea na uji akanywa.

Basi nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nilipoacha kumwandikia mama yangu barua zake. Watoto walipokwenda nyumbani nilikaa kwenye dawati lake, dogo, magoti yakigusa kidevu, nikamwandikia barua. Nilikuwa nimefundisha barua kwa miaka yote hiyo bila kuandika hata moja ya kweli. Ilinichukua karatasi tano. Sikutia salamu za mchanga wala za vumbi. Nilimwambia kwamba nilitazama herufi nikaacha maneno, kwamba nilimwaibisha kwa raha yangu, na kwamba hata asiponijibu sitamuuliza. Nikaikunja haraka nisije nikaisoma nikaona aibu, nikaitia kwenye mfuko wa mwisho wa kitabu cha Tingisha, mtupu tangu Njeri atoe barua za mama yake, pale palipoandikwa *Andikia mtu wako*.

Kesho yake mfuko ulikuwa mtupu. Siku ya pili mtupu. Nilishuku ameitupa chooni, nikajiambia ana haki. Siku ya tatu nilishuku ameipeleka kwa mwalimu mkuu.

Jioni ya siku hiyo, Ijumaa, nikipanga vitabu, nilihisi karatasi kwenye mfuko wa Tingisha. Ilikuwa barua yangu mwenyewe, imerudishwa. Nikaifungua. Katikati ya mstari wa pili palikuwa na duara jekundu, limechorwa kwa kalamu yangu iliyokuwa mezani. Ndani ya duara palikuwa na herufi moja. Nilikuwa nimeandika, *Nilikosea kapisa.*

Kwanza nilishuku kwamba ni yeye aliyeibadilisha. Niliipeleka dirishani nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Wino ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu, na ile p ilikuwa yangu, imekaa pale kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari ndefu. Chini ya mstari, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa mviringo, Njeri alikuwa ameuliza:

*Mwalimu, nani alikuandikia hii barua?*

Niliinua macho. Alikuwa mlangoni na begi mgongoni, ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikachukua penseli, kalamu nyekundu nikaiacha, na chini ya swali lake nikamjibu:

*Mama yangu.*